Motari anaombwa permi kila asubuhi. Mwenye jipu anaombwa na nani?

Wananchi wenzetu, vijana wenzetu wa Butembo na wa kila mji wenye vumbi na matope,

Mtoto alikuwa na miaka 7. Alikuwa ametumwa maji, bido ya lita 5 mkononi, saa kumi na moja ya jioni. Jipu ilikuwa imesimama mbele ya duka, moteri inawaka, shofere anamalizia simu. Mtoto akapita mbele ya ile jipu, karibu kabisa, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na mtaro, halafu pikipiki zetu zimejipanga kungojea abiria. Shofere akaweka simu chini, akatia vitesi, akasonga. Sisi njo tulipiga kelele. Yeye hakusikia kitu, vioo vilikuwa vimefungwa juu ya vumbi. Alisimama wakati bido ilipasuka chini ya pine.

Hakuwa mlevi. Hakuwa anakimbia, sidhani hata alifikisha kilometa 10 kwa saa. Alishuka, akaona, akakaa chini kwenye udongo akalia kama mtu aliyefiwa. Tulipotulia akatuambia alikuwa na wiki tatu tu katika kazi ile. Mbele ya hapo alikuwa anaendesha teksi, Starlet ndogo. Permi alikuwa nayo, ya kweli, ya kategoria B. Ileile ya Starlet.

Mtoto hakufa. Mguu ulivunjika mahali pawili, na nyonga pia. Wenye gari walikuja baada ya nusu saa, watu wawili wenye jile. Mmoja akatoa simu apige picha. Alipiga picha gari.

Sitataja wenye gari hao, maana kesho itakuwa ni wengine, na keshokutwa ni jipu ya mfanya-biashara, ya mbunge, ya kamanda, ya mtoto wa mkubwa ambaye baba amemwachia funguo Jumamosi jioni. Ninachotaka kusema ni hiki: mtu anayeendesha jipu kubwa katika miji yetu anapaswa kuwa na permi ya pekee, inayotoka baada ya mtihani wa kweli, juu ya gari ya namna ileile, katika njia za namna yetu. Na mtu wa kwanza kuulizwa permi hiyo awe mwenye gari, mbele ya shofere.

Nijitambulishe kidogo. Niko na lisansi ya sheria, nina miaka miwili tangu niipate, na kazi sina. Siku tatu kwa wiki naendesha pikipiki ya baba mdogo. Siku hizo tatu, mbele saa mbili ya asubuhi haijafika, nimekwisha kuulizwa permi.

— Shefu, permi iko?
— Iko, papa.
— Na bima?
— Iko.
— Na kofia ya mteja?
— Ile pale.
— Basi, tuachie hata ya maji.

Wakati tunasemezana hivyo, jipu inakuja na vioo vyeusi. Polisi anashusha kamba mbio mbio, anapiga saluti. Anapigia kioo saluti! Ndani hajui kuko nani: pengine ni mtoto wa miaka 16, pengine ni mlevi, pengine ni yule shofere wa wiki tatu. Jipu inapita, vumbi inatuangukia sisi wawili, mimi na yeye, halafu anarudi kwangu kuendeleza hesabu ya maji.

(Wandugu wa Tanzania wanapotusoma watacheka, maana kwao jipu ni uvimbe wenye usaha, na rais wao Magufuli alijulikana kwa kusema anatumbua majipu. Kwetu jipu ni gari. Siku zingine naona maana zote mbili zinafaa.)

Tuzungumze sasa juu ya chuma chenyewe, maana wengi wanasema «gari ni gari, ukijua moja umejua zote». Hapana. Toyota Starlet haifikishi tani moja. Land Cruiser tunayoiona hapa kila siku inapita tani 2 ikiwa tupu, na ukiipakia watu, mafuta na magunia inasogelea tani 3 na nusu. Kwa mwendo mmoja, gari yenye uzito mara tatu inakupiga kwa nguvu mara tatu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Hii tulifundishwa sekondari, si siri ya wazungu.

Halafu kimo. Starlet ikikugonga, inakupata miguuni, unaangukia juu ya kapo. Jipu inakupata kifuani, na kama ni mtoto inampata kichwani, inamlaza chini, pine inafuata. Huko Marekani, taasisi ya IIHS inayochunguza ajali kwa ajili ya makampuni ya bima ilitoa uchunguzi mwaka 2023: gari yenye kapo inayozidi karibu mita moja kwenda juu inaelekea kumuua mtu wa miguu kwa asilimia 45 zaidi kuliko gari ndogo yenye kapo ya chini inayoteremka mbele. Na huko wanahesabu gari jinsi zinavyotoka kiwandani. Hapa kwetu watu wanaongeza mbele vile vyuma vinene vya kuzuia nyati. Nyati gani Butembo? Nyati yuko Virunga. Kile chuma kazi yake ni kutisha sisi, tupishe.

Na kuna lile jambo lililompata mtoto wa bido: mbele ya pua ya jipu kuna sehemu ambayo shofere haioni kabisa. Mtu mzima akisimama pale unaona kichwa chake. Mtoto wa miaka 7 huoni kitu. Anayejua gari hizi anazunguka kwa miguu kabla ya kupanda, anaangalia mbele, nyuma, chini, halafu njo anawasha. Ni kazi ya nusu dakika, na hakuna aliyemfundisha yule shofere kuifanya. Permi B haimwombi.

Usukani nao. Kongo tunapita kuume kwa njia. Lakini jipu nyingi zinatuingilia Kasindi, zimetoka Japani au Dubai kwa njia ya Mombasa, zimevuka Uganda ambako wanapita kushoto, basi usukani uko kuume. Shofere akitaka kupita lori, anakaa upande wa mtaro: haoni njia mpaka atoe nusu ya gari nje. Ukiwa wewe njo unakuja mbele na pikipiki, na mama nyuma yako, na mtoto mgongoni pa mama, utaona kapo kabla yeye hajakuona. Katika gari ndogo hilo ni hatari. Katika gari pana vile, hakuna nafasi tena ya kupona isipokuwa mtaro.

Wazee wetu waliandika nini juu ya haya? Kodi ya njia, yaani sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, njo bado inatuongoza. Mwaka mmoja mbele, Zaire ilikuwa imeingia katika mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya mwendo wa barabarani. Mkataba huo unagawa permi kwa uzito: B ni kwa gari isiyozidi kilo 3,500, yenye viti visivyozidi vinane mbali na cha dereva. Kilo 3,500! Maana yake Starlet na Land Cruiser zinalala kitanda kimoja. Na kuna jambo la kuchekesha, kama si la kuliza. Zile jipu zisizopenya risasi, za wakubwa na za mashirika, kwa sababu ya vyuma na vioo vinene zinapita tani 4. Kwa karatasi, hizo haziko tena za B, zinadai permi ya malori. Nataka kuona siku moja polisi anasimamisha jipu ya namna hiyo kuuliza kategoria. Nitamletea maji mimi mwenyewe.

Kwa hiyo sheria ya kutofautisha gari kwa uzito iko tayari. Sisi tunaomba mstari ushushwe: kila jipu na pikapu kubwa yenye tani 2 na zaidi ikiwa tupu idai mtihani wake. Kuangalia gari kwa uzito na kwa ukubwa si wazimu wa vijana wasio na kazi. Februari 2024 wakaaji wa Paris waliitwa kupiga kura, wakakubali gari zito, la tani 1.6 na zaidi, la mgeni wa mji, lilipe mara tatu mahali pa kusimamisha gari. Wao wana lami, taa na njia za miguu, na bado walisema uzito una bei. Sisi tunapita wote katika njia moja: mama wa mihogo, chukudu, mwanafunzi, mbuzi, jipu.

Nani asiyekumbuka wakati wa Ebola? Kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, Beni na Butembo zilijaa jipu. Ugonjwa ule uliua watu zaidi ya 2,200, na waliofanya kazi ya kutibu na kuchanja nawaheshimu, wengine waliuawa. Lakini magari! Kila mwenye jipu aliipangisha kwa dola, kila aliyejua kushika usukani akawa shofere wa riposti. Vijana walitoka teksi Ijumaa, Jumatatu wako katika Land Cruiser, sirini inalia, wanashuka milima yetu na matope ya mvua. Hapo njo tulizoea. Tulijifunza kuruka mtaroni tukisikia moteri kubwa, na mpaka leo tunaruka bila kufikiri.

Sasa, ni nani katika wote wale aliyekuwa na sharti la kupita mtihani wa gari kubwa? Wafanyakazi wa MONUSCO. Sina deni la kuwasifu, Julai 2022 mji huu uliandamana waondoke, na tulikuwa na sababu zetu. Lakini ukweli ni ukweli: mfanyakazi wa Umoja wa Mataifa, hata awe na permi ya kwao, hapewi gari mpaka apite mtihani wa kuendesha na kupata permi ya ndani. Katika gari zao kuna kifaa kinachoandika mwendo, na dereva anapitisha kadi yake kabla ya kuwasha. Basi inawezekana, katika njia hizihizi, na matope hayahaya. Kilichowezekana kwa mgeni kwa nini kisiwezekane kwa mwenyeji?

Tulipojadili jambo hili kati yetu katika mkutano wa Jumapili, sikupata makofi. Komredi mmoja, dada mwenye akili kuniliko, alisimama akasema: «Wewe unaomba nini? Kongo karatasi mpya ni bei mpya. Kesho watatengeneza permi ya jipu, wataiuza kama walivyouza ile ya kwanza, mkubwa atatuma bodigadi amletee nyumbani, na shofere maskini njo atalipa.» Chumba kikapiga kelele kumuunga mkono. Nililala vibaya usiku ule, kwa sababu anasema kweli. Sisi wote tunajua watu waliopata permi bila hata kukaa katika gari. Kama serikali itachukua wazo letu na kuliweka mikononi mwa bariere, basi heri tungenyamaza.

Ndiyo maana nasema permi hii isiombwe kwanza njiani. Iombwe mahali penye dawati. Bima ya gari ni ya lazima katika nchi hii, na tangu soko lifunguliwe SONAS haiko tena peke yake. Kampuni ya bima inapoandika jipu, iandike pia majina ya wale wanaoruhusiwa kuiendesha, pamoja na namba ya permi yao ya pekee. Mtu asiye katika orodha akigonga, mwenye gari alipe hospitali kutoka mfukoni mwake, yote, mpaka mguu upone. Hapo utaona! Mwenye shirika, mwenye duka, mheshimiwa, wote watatafuta shofere aliyefundishwa kweli, kwa sababu pesa yao itakuwa katikati. Polisi wa kamba hapati kitu hapo, na sisi hatupotezi asubuhi.

Na mtihani ufanyike hadharani, uwanjani, siku inayojulikana, watu waone. Kupanda mlima na kusimama katikati na kuondoka tena bila kurudi nyuma. Kushuka na mzigo kwa vitesi ndogo, bila kuchoma freni. Kurudi nyuma na mtu anayekuongoza. Kuzunguka gari kabla ya kuwasha. Kupita lori ukiwa na usukani wa kuume, au kukubali kutopita. Atakayeanguka aanguke mbele ya wote, mkubwa na mdogo. Naomba Mungu anipe uzima nione mheshimiwa fulani anarudia mtihani Jumamosi ya pili.

Tukiwataja waheshimiwa: mwaka 2022 wabunge wa Kinshasa waligawiwa jipu Hyundai Palisade, karibu 500. Nchi nzima ilibishana juu ya bei na juu ya nani aliyelipa. Ilikuwa haki kubishana. Lakini sikumbuki mtu aliyeuliza kama wanajua kuziendesha, au nani atakaa mbele ya usukani zitakapofika vijijini kwa kampeni. Hao njo wanaopaswa kubadilisha sheria ya 1978. Meya hawezi kutunga kategoria ya permi, hilo nalijua, nimesoma. Lakini tangu Mei 2021, chini ya hali ya dharura, mji wetu unaongozwa na polisi na wanajeshi, na wao hawahitaji Bunge ili kuamuru mashofere wao wenyewe wajifunze. Jipu za jeshi na za polisi zisipoingia katika mtihani huu, hatujafanya kitu, maana hizo njo zinakimbia kuliko zote. Najua zingine zinakimbilia vita. Zinazokimbilia chakula cha mchana pia nazijua.

Watu wawili watanijibu kwa pikipiki. Watasema: nenda hospitali uhesabu, waliovunjika miguu wengi ni wa pikipiki. Sikatai, mimi mwenyewe niko na kovu. Wamotari wengi hatukufundishwa, tunabeba watu watatu, tunapita mahali pasipopitika. Lakini sisi serikali inatujua vizuri: kila usalama unapoharibika, amri ya kwanza ni kukataza pikipiki usiku, kila kodi mpya inaanzia kwetu. Na pikipiki ikianguka, wa kwanza kuumia ni mwenye pikipiki. Mwenye jipu anaweza kuvunja mtoto wa watu na chai yake isimwagike. Kwa nini mtihani mgumu uwe wa yule na wepesi uwe wa huyu?

Wengine watasema shida ni njia. Tumeandamana juu ya njia mpaka viatu vikaisha, na tutaandamana tena. Lakini lami ikija, kama tulivyoahidiwa kwa zile kilometa 54 za Beni, jipu hazitaenda polepole. Shimo leo njo polisi wetu wa mwendo wa kweli. Likifukiwa kabla mashofere hawajafundishwa, tutazika.

Kwa mashofere wenyewe, neno moja. Hatuwatafutii kufukuzwa. Wengi wenu mna lisansi kama mimi, mlishika usukani kwa kukosa ofisi. Mafunzo na mtihani vilipwe na mwenye gari, na wapewe mwaka mzima wa kujipanga, hakuna wa kupoteza kazi katika mwaka huo. Leo ajali ikitokea, shofere anakwenda kashoti na gari inarudi kazini kesho yake na shofere mwingine, naye ni wa wiki tatu. Yule wa bido alilala ndani siku tisa. Mamaye alikuja kutuomba sisi wamotari tukaseme kwamba hakuwa anakimbia. Tulikwenda, tukasema, kwa sababu ni kweli. Na baba wa mtoto alikuwepo, alisikia, hakutukasirikia. Aliuliza tu: «Kama hakuwa anakimbia, kosa lilikuwa la nani?» Hakuna ofisa aliyemjibu.

Barua kwa meya, na nyingine kwa wabunge waliochaguliwa hapa, zimekwisha kuandikwa. Tutazipeleka kwa miguu Jumatatu saa tatu ya asubuhi, tukipita pembeni mwa njia, bila mawe wala pine za kuchoma. Wamotari waache pikipiki nyumbani. Shofere anayetaka kutia sahihi aje, jina lake halitatangazwa. Na baba wa mtoto amesema atakuja, kama atapata mtu wa kumshikia zamu hospitalini.